Kamera Ikifika Mwisho wa Bomba

Picha inayotokea kwenye kioo mwanzoni haimwambii kitu mtu asiyeizoea: duara la nuru, ukuta wa mviringo unaometameta kwa unyevu, na chini yake ufito mwembamba wa maji yanayotiririka kuelekea gizani. Pembeni ya kioo tarakimu zinapanda: futi 6, futi 10, futi 14. Fundi amepiga magoti kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, mikono imevaa glavu nene, anasukuma waya mgumu wa faibaglasi unaofunguka taratibu kutoka kwenye duara lake kubwa la chuma. Mbele ya waya huo kuna kamera isiyozidi unene wa vidole viwili, imezungukwa na taa ndogo. Mwenye nyumba amesimama nyuma yake akitazama, na mara nyingi ndiyo mara yake ya kwanza kuona kilichomo chini ya bustani yake tangu anunue nyumba.

Kazi hii ni ya kila siku katika kaunti ya Suffolk, upande wa mashariki wa kisiwa cha Long Island, jimbo la New York, Marekani. Msomaji wa Kariakoo au wa Ng'ambo ya Unguja huenda akadhani kwamba huko kila choo kimeungwa na mtandao wa majitaka wa serikali na mtu akivuta maji habari imeishia hapo. Sivyo. Suffolk ina watu wapatao milioni moja na nusu, ina vijiji vya kifahari vya Hamptons ambako nyumba moja huuzwa kwa makumi ya mamilioni ya dola, na bado nyumba takribani tatu kati ya kila nne hazijaungwa na bomba la umma. Majitaka yanaingia kwenye shimo lililochimbwa uani. Wengine wana tangi la septiki kwanza, kisha shimo. Wengine, na hao ni wengi, wana shimo peke yake: kile ambacho Wazanzibari wanakiita karo.

Karo la zamani la Long Island ni kitu rahisi sana. Walichimba chini, wakapanga matofali ya saruji duara juu ya duara bila udongo wa kuyashikanisha, ili maji yapenye katikati ya tofali na tofali, kisha juu wakafunika kwa kuba la tofali hizohizo au bamba la zege. Baadaye yakaja mapete makubwa ya zege yenye matundu, yaliyotengenezwa kiwandani. Kazi ya shimo hilo ni kuvujisha. Yabisi hubaki chini, maji huondoka. Na kisiwa chenyewe kinaruhusu, kwa sababu kiliachwa na barafu kuu za kale: mchanga na kokoto, tabaka juu ya tabaka. Ukimwaga ndoo ya maji juu yake, dakika hiyohiyo yamepotea.

Nyumba zilizojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ziliutumia mchanga huo bila kuwaza mara mbili. Mfano unaojulikana zaidi ni Levittown, kaunti jirani ya Nassau, ambako kampuni ya akina Levitt ilianza mwaka 1947 kugeuza mashamba ya viazi kuwa mtaa, na kufikia mwaka 1951 ilikuwa imesimamisha nyumba zaidi ya 17,000. Askari waliorudi vitani walihitaji mahali pa kuishi, na karo lilikuwa la haraka na la bei ndogo. Nassau baadaye ilijenga mtandao wa majitaka katika sehemu yake kubwa. Suffolk ilibaki na mashimo yake, na mabomba yanayokwenda kwenye mashimo hayo sasa yana umri wa babu.

Kamera inaanza na mabomba hayo, na kwa mtu anayependa vitu vya zamani, hapa ndipo pana utamu. Ndani ya nyumba utakutana na chuma cha kusubu, kizito, kilichoota kutu kwa ndani hadi njia ya inchi 4 imebaki inchi 2. Ukitoka nje ya msingi unaweza kukuta udongo wa kuchoma, vipande vifupi vilivyounganishwa kimoja baada ya kingine. Kila kiungo ni mlango kwa mzizi wa mti. Nyumba za karibuni zina plastiki. Katikati ya hayo kuna bomba ambalo mafundi wa Marekani wakiliona hushusha pumzi: Orangeburg.

Orangeburg ni mji mdogo wa New York, na kiwanda cha hapo kilitengeneza mabomba kwa massa ya mbao yaliyoloweshwa lami ya makaa ya mawe. Mwanzoni yalikuwa ya kupitishia nyaya. Empire State Building ilipojengwa, nyaya zake zilipita humo. Kwa kazi hiyo yalifaa, kwa sababu waya hauna maji wala uzito mkubwa. Lakini miaka ya 1940 chuma kilipokuwa adimu, watu wakayageuza kuwa mabomba ya choo. Yalikuwa mepesi, ya bei nafuu, na yalikatika kwa msumeno wa mkono. Tatizo ni kwamba massa ya mbao yakikaa kwenye maji moto, mafuta na uzito wa udongo kwa miaka thelathini au arobaini, yanarudia asili yake. Bomba linalegea, duara linakuwa yai, yai linakuwa ufa. Ndani yake hutokea malengelenge, na kwenye kioo cha kamera malengelenge hayo hayafanani na kitu kingine chochote; ukishayaona mara moja huyasahau. Kiwanda kilifungwa mwaka 1972. Bomba walilolifukia bado lipo.

Hapa kamera ina faida ambayo haitajwi sana kwenye matangazo. Choo kikiziba, desturi ya fundi ni kuleta mashine ya kamba ya chuma yenye visu mbele, aisukume hadi kizuizi kikatike. Kwenye chuma au plastiki hakuna neno. Kwenye Orangeburg iliyolainika, visu hivyo vinachana ukuta wa bomba lenyewe, na asubuhi mwenye nyumba anagundua kwamba amelipa ili aharibiwe. Kutazama kabla ya kukata kunaokoa bomba, au angalau kunamwambia mtu kwamba hana tena bomba la kuokoa.

Kuna mengine ambayo jicho la juu ya ardhi haliwezi kuyakisia. Bomba la choo linatakiwa kuteremka taratibu, robo inchi kwa kila futi, yaani takribani sentimita 2 kwa mita. Udongo chini yake ukititia, kipande cha katikati kinabonyea na kutuama maji. Mwenye nyumba anaona tu kwamba choo kinaziba kila baada ya miezi michache; anamlaumu mtoto, anailaumu karatasi, anamlaumu mgeni aliyelala wiki iliyopita. Kamera ikifika pale inazama, picha inakuwa ya kijani na ukungu, halafu inaibuka upande wa pili. Kosa limeonekana, na mgeni amesafishwa jina.

Mizizi nayo ina picha yake. Inaanza kama nywele chache kwenye kiungo, haina haraka. Mti hauvunji bomba kwa ubabe; unafuata mvuke unaotoka penye ufa uliopo tayari, na ukishaingia unanenepa. Fundi mzoefu akiona nywele hizo kwenye futi 22 anajua mti gani, kwa sababu ndani ya kichwa cha kamera kuna kitoa-mawimbi kidogo, kwa kawaida cha hezi 512, na mwenzake anatembea juu ya nyasi na kifaa cha kupokea mawimbi hayo. Penye mlio mkali zaidi, anapiga alama ya rangi. Anaweza hata kusoma kina. Badala ya kuchimba bustani nzima, wanachimba shimo moja la ukubwa wa meza.

Miji ilianza kutumia kamera kwenye mabomba yake makubwa miaka mingi kabla ya wenye nyumba. Waingereza waliandika mwongozo wa kuainisha kasoro za mabomba ya majitaka mwaka 1980, ili ufa alioutazama mkaguzi wa Leeds na ufa alioutazama mkaguzi wa Bristol ziitwe jina moja. Na mwaka 1971 Mwingereza Eric Wood alikuwa amekwisha kujaribu jijini London njia ya kuingiza soksi yenye gundi ndani ya bomba bovu ikaganda na kuwa bomba jipya bila kufukua barabara. Njia hiyo ingekuwa kubahatisha kama mtu asingeweza kutazama ndani kabla na baada. Kilichobadilika katika miaka ya karibuni ni bei na ukubwa: mtambo uliohitaji gari zima sasa unabebwa kwa mkono mmoja, na ukaguzi wa nyumba moja Marekani hugharimu dola mia chache.

Bei hiyo ndogo imeleta na ujanja wake. Zipo kampuni zinazotangaza ukaguzi wa bure, na mtu mwenye akili anapaswa kujiuliza nani analipia petroli ya gari lililokuja. Anayelipia ni yule atakayeambiwa, mwishoni mwa video, kwamba bomba lake lote limekufa na linahitaji kubadilishwa kwa dola elfu kumi na tano. Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia kwamba ufa alioonyeshwa ni mkwaruzo, au kwamba video yenyewe ni ya nyumba nyingine. Picha ya ndani ya bomba haina uso. Haina namba ya nyumba ukutani wala mti wa mwembe wa kuutambulia. Bomba la jirani na bomba lako, kwenye kioo, ni ndugu pacha.

Kwa hiyo wanaojua wanashikilia mambo machache. Simama pale mwenyewe wakati kamera inaingia, usisubiri ripoti. Fundi atamke anwani na tarehe video inapoanza, huku kamera ikiwa bado nje inaonyesha mlango au ukuta wa nyumba, kisha isikatwe hadi mwisho. Kihesabio cha umbali kianze sifuri mbele ya macho yako. Faili lote libaki kwako, si vipande vilivyochaguliwa. Na kama aliyekagua ndiye pia anayeuza bomba jipya, mlipe mwingine atazame tena kabla hujasaini. Dola mia tatu za pili ni nafuu kuliko elfu kumi na tano za kwanza. Ni tabia ileile ya kutafuta maoni ya daktari wa pili kabla ya upasuaji, na mafundi waaminifu hawachukii wakiombwa.

Wanunuzi wa nyumba ndio wanaofaidi zaidi. Ukaguzi wa kawaida wa nyumba Marekani unatazama paa, umeme, joto, msingi. Vilivyofukiwa ardhini havimo. Mtu anaweza kulipa dola laki sita kwa nyumba yenye jiko la marumaru na bomba la massa ya mbao. Kamera ikitangulia, bei inazungumzika.

Hadi hapo kamera inastahili sifa zake zote. Ila hizo sifa zinaishia pale bomba linapoishia. Baada ya futi 30 au 60, kutegemea uwanja, ukuta wa bomba unatoweka ghafla na kamera inaning'inia juu ya giza: imefika ndani ya karo. Fundi mzuri hapo hageuki haraka. Anaelekeza taa kwenye kuta za shimo na kutafuta mstari wa uchafu ulioganda kwenye matofali, kwa sababu mstari huo ndio unaosema maji yamewahi kupanda hadi wapi. Kama umepita juu ya mdomo wa bomba, basi shimo limeshafurika na kurudi nyuma siku za nyuma, hata kama leo, baada ya mwenye nyumba kuita gari la kunyonya wiki moja kabla ya kuuza, linaonekana tupu na lenye adabu. Anatazama pia kama tofali zimesogea. Makaro ya matofali bila saruji hudhoofika, na mapaa yake yamewahi kuporomoka Long Island na kuua watu waliokuwa wamesimama juu yake, wakiwemo mafundi. Hewa ya ndani nayo ina haidrojeni salfaidi, ambayo kwa wingi huua harufu kwanza, yaani pua inaacha kunusa, kisha huua mtu. Kamera inatazama bila mtu kuinama juu ya mdomo wa shimo, na kwa hilo peke yake inastahili bei yake.

Halafu fundi anarudisha waya, anaufuta kwa kitambaa chenye dawa, anaandika: bomba liko salama, karo linapokea maji. Mwenye nyumba anafurahi. Nadhani hapo ndipo furaha inakuja mapema kuliko inavyostahili, maana kauli ya kwamba karo linapokea maji ina upande wa pili: maji yanakwenda mahali. Kwa kipimo cha mwenye nyumba, karo bora kuliko yote ni lile linalovujisha haraka kuliko yote. Kamera inalipatia alama za juu. Na maji hayo yanakokwenda ndiko bomba la kunywa linakotoka.

Long Island haina mto mkubwa wala ziwa la kuinywesha. Watu karibu milioni tatu wa Nassau na Suffolk wanakunywa maji ya chini ya miguu yao, yaliyohifadhiwa kwenye mchanga uleule, na mwaka 1978 serikali ya Marekani ilitambua rasmi kwamba hawana chanzo kingine. Kisiwa kinakojoa kwenye ghala lake la maji. Hakuna namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi likabaki kweli.

Walionywa mapema, tena kwa njia ya kuchekesha. Miaka ya 1960 wakazi wa Suffolk walikuwa wakifungua bomba jikoni na kupata povu. Si povu la hewa. Povu la sabuni. Sabuni za unga za viwandani zilizoingia sokoni baada ya vita zilikuwa na kemikali ambazo vijidudu vya ardhini havikuweza kuzila, kwa hiyo maji ya kufulia yalishuka kwenye karo, yakapita mchangani, yakafika kwenye kisima, yakapanda tena hadi kwenye glasi yakiwa bado yanatoa povu. Ilikuwa ni kama mtu amepewa risiti. Kaunti ikapitisha sheria ya kuzuia kuuzwa kwa sabuni nyingi za aina hiyo, iliyoanza kazi mwaka 1971, na wakazi wakawa wakivuka mpaka kwenda kununua sabuni Nassau. Ukipeleka kamera ya leo kwenye nyumba zile za baada ya vita kama zilivyokuwa mwaka 1965, itakuta mabomba yana miaka kumi na tano tu, viungo imara, mteremko sawa, hakuna mzizi. Ripoti ingekuwa safi kabisa, na maji ya jikoni yangekuwa yanatoa povu.

Wenye nyumba wenyewe waliongeza kemikali zao. Karo likichoka, utando mzito wa vijidudu na mafuta unaziba mchanga unaolizunguka, na maji hayapenyi tena. Tiba ya rejareja ilikuwa kumwaga asidi ya salfuriki, au vimumunyisho vya kuyeyushia grisi vilivyouzwa madukani kwa jina la visafisha karo. Utando ulilegea, kweli. Kimumunyisho nacho kikaendelea na safari yake chini, na baadaye New York ikalazimika kukataza bidhaa za aina hiyo.

Povu liliisha. Nitrojeni haikuisha, kwa sababu haionekani. Inatoka hasa kwenye mkojo, na karo haliondoi karibu chochote. Hata tangi la septiki la kawaida linaondoa kidogo tu. Inageuka nitrati, inasafiri na maji ya ardhini polepole, miaka na pengine makumi ya miaka, hadi kwenye visima na ghuba. Kiangazi cha mwaka 1985 maji ya ghuba za Long Island yaligeuka rangi ya kahawia kwa mwani mdogo uliofumuka kwa wingi usiowahi kuonekana hapo, na kombe wa ghuba ya Peconic wakafa karibu wote. Great South Bay, ambayo miaka ya 1970 ilitoa zaidi ya nusu ya kombe wa ganda gumu walioliwa Marekani nzima, leo haitoi hata kivuli cha mavuno yale. Wavuvi walivua kupita kiasi pia, hilo lazima lisemwe, na wanasayansi wamebishana sana juu ya mwani ule wa kwanza ulichochewa na nini. Lakini kuhusu nitrojeni inayozidi katika ghuba hizo, na kwamba sehemu kubwa inatoka kwenye vyoo vya nyumbani, kaunti yenyewe haibishi tena.

Sheria imekuja kwa mwendo wa konokono. Mwaka 1973 Suffolk ilitaka kila nyumba mpya iwe na tangi la septiki kabla ya shimo. Nyumba zilizokuwepo zikaachwa, na hizo ni zaidi ya 250,000. Kwa miaka arobaini na sita baada ya hapo, karo likiporomoka uliruhusiwa kuchimba karo lingine palepale. Mlango huo ulifungwa Julai 2019. Kwa nini hawakujenga mtandao wa majitaka tu? Walijaribu. Mradi wa kusini-magharibi mwa kaunti miaka ya 1970 ulizama kwenye gharama zilizopaa na kashfa za rushwa, na kwa kizazi kizima mwanasiasa wa Suffolk aliyetamka neno majitaka alikuwa anajitafutia kushindwa. Msomaji wa huku hahitaji maelezo zaidi hapo.

Novemba 2024 wapiga kura walikubali kuongeza kodi ya mauzo kwa moja ya nane ya asilimia moja hadi mwaka 2060, fedha ziende kwenye mabomba ya umma na kwenye mitambo midogo ya nyumbani inayopunguza nitrojeni hadi miligramu 19 kwa lita au chini yake. Mtambo huo una pampu ya hewa na vijidudu vinavyofanya kazi kwa zamu, penye hewa na pasipo na hewa. Unahitaji umeme, unahitaji kukaguliwa, na unagharimu makumi ya maelfu ya dola, ndiyo maana ruzuku ipo. Kamera inaweza kutazama bomba linaloingia kwenye mtambo huo na linalotoka. Kujua kama mtambo unafanya kazi, lazima mtu achukue chupa ya maji akapime maabara.

Nimekaa na kisiwa hicho cha mbali muda wote huu kwa sababu kuna kisiwa kingine kinachofanana nacho kuliko tunavyopenda kukiri. Unguja nayo inakunywa kutoka chini yake: chemchemi za Bububu na Mwanyanya, visima virefu vya mamlaka ya maji, visima vya watu binafsi. Sayyid Barghash ndiye aliyejenga mfereji wa kuleta maji ya chemchemi mjini, karne ya kumi na tisa, na vyanzo vya upande huo bado vinategemewa. Nje ya Mji Mkongwe, nyumba nyingi zina karo. Tofauti ni kwamba chini ya Unguja sehemu nyingi si mchanga unaochuja polepole bali mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, ambamo maji machafu yanaweza kukimbia bila kuchujwa. Mombasa mwamba ni uleule. Maji ya bomba huja kutoka mbali, Mzima Springs na kwingineko, lakini yanapokatika, watu wanarudi kwenye visima vya uani, na visima hivyo vina majirani zake, makaro.

Je, kamera ingefaa huku? Ingefaa, kwa kiasi chake. Dar es Salaam, nyumba za zamani za Upanga na katikati ya jiji zina mabomba ya chuma na ya asibestosi yaliyopitwa na umri, na fundi bomba anayekisia kizuizi kiko wapi huvunja sakafu mara tatu kabla hajapatia. Kwenye mitaa isiyofikiwa na mtandao, ambayo ndiyo mingi, bomba kutoka choo hadi shimo ni fupi, mita nne au sita, na tatizo halimo ndani yake. Shimo limejaa, gari la kunyonya haliwezi kupita kwenye uchochoro, na mvua kubwa ikianza usiku mtu anatapisha choo mtaroni. Au anaitwa kijana wa kushuka shimoni na ndoo, wale wanaoitwa vyura, wasiokuwa na glavu wala mtungi wa hewa. Kamera ya kuwatazamia shimo kabla hawajashuka ingewaonyesha kama ukuta umelegea, gesi isingeiona.

Kuna kikwazo kingine cha kawaida kabisa. Kamera inahitaji pa kuingilia, na chemba zetu zimefichwa. Mwenye nyumba anatandaza vitofali vya pevingi uani, vinapendeza, gari linaegeshwa juu, na baada ya miaka mitano hakuna anayejua mfuniko uko wapi isipokuwa fundi aliyejenga, ambaye amehamia Morogoro. Kabla ya kufikiria kamera, weka mfuniko unaofunguka na uchore ramani ndogo ukutani.

Binafsi, kama ningekuwa na moja ya mitambo hii Unguja, ningeanza na kile kitoa-mawimbi, hata kabla ya picha. Ningekisukuma hadi ndani ya karo, nikatafuta juu ya ardhi lilipo hasa, kisha nikavuta utepe hadi kwenye kisima cha nyumba hiyo, na mwingine hadi kwenye kisima cha jirani, maana jirani ndiye asiyeulizwa. Miongozo ya kimataifa ya misaada ya dharura inataka shimo la choo liwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji ya ardhini, na sehemu yake ya chini iwe juu ya usawa wa maji kwa mita 1.5 au zaidi. Miongozo hiyohiyo inaongeza kwamba kwenye mawe yenye nyufa, umbali huo lazima uongezwe. Viwanja vya Ng'ambo vingi havina hata hizo mita 30 kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.